Iliachia na Ilikuwa Inaachia

Breki inayoachia inawezaje kukusimamisha? Mjomba Lameki aliniuliza swali hilo sebuleni kwa Mama mdogo Damari, mbele ya watu walioshika vikombe vya chai, mwaka ule niliomaliza chuo. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuuliza. Nilimuuliza mchungaji kwa nini magari yanaombewa na madereva hawaombewi. Nilimuuliza mhadhiri wangu kwa nini utafiti wake wote kuhusu wafugaji ulifanyika karibu na hoteli. Nilizoea kuona watu wazima wakijikuna shingo. Lakini swali la Mjomba lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki, na kwa sababu nilishindwa kulijibu, mwanamke mmoja alinyang'anywa kitu pekee alichokuwa amekitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Ningekuwa nimelisahau swali lenyewe kama si mwezi uliopita. Tulikutana Kongwa, kwa Mjomba huyohuyo, kumuaga binti yake anayeolewa. Ndugu walikuwa wamejaa uani, pilau linapakuliwa, mara mtoto wake mkubwa, Yona, akaingia na skuta mpya. Mjomba akaacha wageni wa heshima akaizunguka kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa mahari. "Hii ina ei-bi-esi," akawatangazia, akigonga madigadi ya mbele kwa kidole. "Ya kisasa hii. Breki yake inajua kufikiri. Na hii huanguki." Niligeuka kumtazama Mama mdogo. Alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kashika sahani kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia tangu mwaka ule haupandi kupita bega. Akatazama sahani, akanitazama mimi, akacheka mpaka soda ikampalia.

"Unamsikia?" nikamwambia.

"Namsikia. Kula."

"Mama mdogo, ni breki ileile! Ileile waliyosema ni mbovu!"

"Rehema, kula pilau, linapoa."

Nilikula, lakini sikumbuki ladha yake. Nilirudi Dodoma nikiwa nimekasirika hadi kwenye kucha, na hasira za namna hiyo mimi huwa sizimalizi kwa kulala. Huwa naziandika.

Kwa nini nilikuwa naishi kwa Mama mdogo na si nyumbani, na nani alikosana na nani, hayo nayaacha. Kila familia inayo hadithi hiyo na zote zinachosha. Itoshe kwamba nilikuwa na shahada ya sosholojia, sina kazi, na nina chumba Nkuhungu ambacho ukuta wake haukufika juu. Fundi aliyejenga aliuishia usawa wa linta, akaahidi dari, na dari haikuja. Kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilimwagika kitandani kwangu. Nilijua nani katika jumuiya anadaiwa mchango, nani mumewe amehamia Chamwino na kazi ya serikali akamsahau mkewe Dodoma, na nilijua kwamba wageni wote walimwogopa Mama mdogo akiwepo na kumsema akienda jikoni. Walimsema kwa sababu ya skuta. Skuta yenyewe ililala sebuleni, kati ya kochi na friji, maana nje isingekucha nayo. Mgeni akikaa kochi la pembeni goti lake liligusa bomba la moshi. Vitambaa vya kushona kwa mkono juu ya makochi vilinuka petroli, na Mama mdogo alivifua kila Jumamosi bila kulalamika, yeye ambaye alilalamikia kila kitu kingine, kuanzia mitaala mpaka bei ya nyanya pale sokoni Majengo.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi iliyo upande wa barabara ya Chamwino, mahali lami inapoishia na njia ya mchanga kuanza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sketi ndefu, raba, na kofia ngumu juu ya kilemba. Skuta aliinunua ikiwa imetumika, rangi ya maziwa, na kwenye madigadi ya mbele ilikuwa na herufi tatu za fedha: ABS. Wanafunzi walizisoma kama zilivyo, wakambatiza Mwalimu Abisi. Alifurahia jina hilo kuliko alivyotaka tujue. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele tukiwa wima jikoni, yeye tayari na kofia mkononi, na siku moja nilipomuuliza kwa nini asipande bajaji kama wenzake, alinijibu huku anasuuza kikombe: "Nikiwa nyumbani ni Mama. Shuleni ni Mwalimu. Kanisani ni Mama Mzee. Pale njiani tu ndipo hakuna anayeniita." Nikasema hilo si jibu, ni shairi. Akasema, "Basi limeze hivyohivyo," akatoka. Nilisikia skuta ikiwaka, ikanguruma kidogo, ikaondoka. Kila asubuhi ya mwaka ule ilianza kwa sauti hiyo, na sasa nikiikumbuka ndiyo naona kwamba huyo ndiye mtu pekee niliyemfahamu aliyekwenda kazini akiwa na furaha.

Matatizo yalianzia kwenye taa. Ukizungusha ufunguo, taa ndogo ya njano iliwaka kwenye dashibodi, na ukishaondoka kidogo ikazima. Mama Yona, mke wa Mjomba, aliiona siku aliyokuja kutoka Kongwa kututembelea. "Wifi, hiyo taa inawaka na wewe unapanda?" Mama mdogo akamwambia inazima ikitembea. "Eti inazima ikitembea! Na mgonjwa naye ananyamaza akishafika hospitali, amepona?" Walicheka wote wawili, lakini niliisikia taa ile ikirudi kwenye maongezi ya sebuleni wiki baada ya wiki, kila mara ikiwa kubwa zaidi, mpaka ikawa ni taa ya hatari, kisha ikawa ni taa nyekundu, ingawa ilikuwa njano na ilibaki njano.

Kisha akaja mbuzi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya Mama mdogo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kumsaidia kusahihisha madaftari kuliko kukaa nyumbani nikitazama simu. Tulishatoka kwenye lami, tuko kwenye mchanga, hatuendi kasi ya kutisha. Mbuzi akatoka kwenye mchongoma akasimama katikati ya njia kutusoma. Mama mdogo akabana breki zote mbili kwa nguvu, mbele na nyuma. Nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi juu ya pikipiki yoyote: skuta ilitetemeka chini yetu, trrrr, kama cherehani, na ikaendelea kwenda mbele, wima, imenyooka, taratibu kuliko awali lakini inakwenda tu, mpaka ikamfikia mbuzi ikamsukuma ubavuni. Mbuzi akaanguka, akaamka, akatukana kwa lugha yake, akaondoka. Sisi hatukuanguka. Mama mdogo alikuwa ameweka miguu yote miwili chini, kofia iko mahali pake. Mwenye mbuzi, mzee wa Kigogo aliyekuwa anapalilia karanga, alikuja mbio na jembe mkononi, na jambo la kwanza alilosema ni, "Mwalimu, hujaumia? Huyo ni mbuzi tu." Laiti familia yetu ingekuwa na busara ya yule mzee. Habari ilifika Kongwa kabla sisi hatujafika nyumbani.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya ibada. Mjomba Lameki alikuja na suti, ambayo kwetu ni dalili kwamba uamuzi tayari upo. Mama Yona alikuwepo, na ndugu wengine wawili watatu ambao kazi yao kwenye vikao ni kuguna. Niliandaa chai na karanga za kukaanga, na kwa mara ya kwanza nikaruhusiwa kukaa badala ya kusikilizia chumbani. Mjomba alikaa kochi la pembeni, goti kwenye bomba la moshi.

"Mdogo wangu," akaanza, "hapa hatukuhukumu. Tunakuuliza tu. Breki ilishika au haikushika?"

"Ilishika, kaka."

"Sasa mbuzi aligongwaje?"

"Ilishika, ikaachia, ikashika tena, ikaachia. Mkono wenyewe ulikuwa unanipiga vidole hivi."

Mjomba akaegemea nyuma. "Umesema mwenyewe. Breki iliachia."

"Sijasema iliachia. Nimesema ilikuwa inaachia."

"Tofauti iko wapi?"

"Kaka, iliachia ni imekwisha, imekufa. Ilikuwa inaachia ni kazi inaendelea. Mtoto wa darasa la tano analijua hilo."

"Hatuko darasani, Mwalimu."

Wakaguna. Mama Yona akaongeza kwamba hata kama sarufi ingekuwa na breki, gauni kwenye upepo kwa umri ule halikuwa jambo la kujivunia. Hapo ndipo nilipoingilia, maana nilishaona mambo yanakokwenda. Usiku wa jana yake nilikuwa nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shahada kwamba huo ni mfumo maalumu wa kuzuia tairi lisijifunge. Mjomba alinisikiliza vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alinisikiliza vizuri.

"Msomi wetu," akasema, "tairi kujifunga si ndiyo kusimama? Baiskeli ukibana breki, tairi linafunga, baiskeli inasimama. Sasa wewe unaniambia kuna breki ambayo kazi yake ni kuzuia tairi lisifunge. Breki inayoachia inawezaje kukusimamisha?"

Nilikuwa na neno la kigeni na maelezo ya kukariri. Maana yake sikuwa nayo. Nikasema ni mambo ya msuguano. Akaniuliza msuguano gani. Nikasema ni sayansi. "Umesomea sayansi?" Nikasema nimesomea jamii. "Basi skuta si jamii," akasema, wakacheka wote, hata Mama mdogo alitabasamu kidogo. Nilimtazama nikitegemea atapigana. Hakupigana. Alijua alichokihisi mkononi, lakini neno lenyewe lilikuwa limeshamsaliti. Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote ninazozijua, breki iliyoachia ni breki mbovu, basi, na hakuna njeo ya kitenzi itakayoiokoa. Uamuzi ukawa huu: skuta ipelekwe kwa fundi aondoe ugonjwa. Akishindwa, Mama mdogo amkabidhi kaka yake ufunguo.

Fundi alikuwa Majengo, nyuma ya wauza nafaka, mtu wa Kondoa mwenye sauti ya chini na redio ya sauti ya juu. Mjomba alikuja mwenyewe kusimamia. Fundi aliipanda skuta, akakimbia nayo hadi mwisho wa mtaa, akabana breki kwenye vumbi, akarudi anatikisa kichwa kwa huruma. "Hii ina kigugumizi," akasema.

"Unasikia?" Mjomba akanigeukia. "Kigugumizi."

"Kwani vitu hivi vimetengenezwa kwa barabara zetu, mzee? Vya huko huko hivi." Fundi akafungua kifuniko chini ya kiti, akachomoa fyuzi, akaipuliza kama mtu anayezima kibatari, akaitia mfukoni. Taa ya njano sasa ikagoma kuzima kabisa, hata skuta ikitembea. Nikasema, kwa sauti, kwamba taa haijawahi kuwaka hivyo, je, hiyo haikuwa ishara kwamba ndiyo kwanza imeharibiwa? Fundi akakata kipande cha solotepu nyeusi akakibandika juu ya taa. "Haiwaki tena," akasema. Mjomba akaishika breki ya mbele, skuta ikiwa imesimama pale pale chini ya kivuli cha banda, akaiminya mara mbili tatu kwa uso wa mtaalamu. "Ahaa. Sasa hii ni breki." Nilitamani kulia. Nilitamani pia kumuuliza fundi mambo kama kumi, lakini redio ilikuwa juu, na mtu asiye na majibu hana uhuru mkubwa wa kuuliza.

Mama mdogo akaendelea kupanda. Miezi yote ya kiangazi aliondoka asubuhi kwa sauti ileile, na mimi nikaanza kuamini kwamba labda nilikuwa na wasiwasi wa bure, kwamba labda Mjomba na fundi walijua kitu. Nilikuwa tayari kuamini chochote mradi ufunguo ubaki kwenye mkoba wake. Kisha ikaja mvua ya kwanza. Anayeishi Dodoma anajua lami ilivyo asubuhi ile: vumbi la miezi na mafuta ya magari vinachanganyika na maji vikawa kama mlenda. Bajaji ilikata kona mbele yake bila kuashiria. Alibana breki. Hakuwa na kasi; walioona walisema hivyo, na namjua. Tairi la mbele likafunga, likakataa kuzunguka, skuta ikateleza ikatoka chini yake kama kitambaa kinavyovutwa mezani, na yeye akatua kwa bega la kulia.

Nilimkuta kitandani hospitalini, mkono umefungwa kifuani, nywele bado zina tope. Alikuwa anatazama dari. "Ilishika, mwanangu," akaniambia kabla sijamwamkia. "Ilishika moja kwa moja. Haikuachia hata kidogo." Sikujua niweke wapi uso wangu. Ndipo Mjomba akaingia, amebeba chupa ya uji, amelowa, amehangaika kweli kweli, akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mguu dada yake, na akasema kwa machozi: "Mungu ni mkubwa. Hebu fikiria ingekuwa bado ina ule ugonjwa." Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Kuna watu wanaoweza kukujibu upuuzi wakiwa wabaya, na hao ni rahisi. Shida ni anayekuletea uji.

Ufunguo aliuchukua siku hiyohiyo kutoka kwenye mkoba uliokuwa chini ya kitanda. Hakuna aliyeita kikao. Skuta ilikwenda Kongwa, ikauzwa, sikuuliza kwa nani. Sebule ikawa kubwa. Vitambaa vikaacha kunuka, na Mama mdogo akaacha kuvifua Jumamosi. Bega lilipopona kiasi cha kupona, alianza kwenda shule kwa bajaji mpaka lami inapoishia, kisha kwa miguu mchangani, na njia nzima walimwita: Mwalimu, shikamoo Mwalimu, Mama, simama kidogo Mama. Alifika kazini akiwa amechoka kwa salamu. Wanafunzi wapya hawakujua kwamba aliwahi kuitwa Abisi.

Maana ya mfumo ule niliipata miaka kadhaa baadaye, nilipoajiriwa kazi ya kuzunguka vijijini kwa pikipiki, na ofisi ikatuletea mkufunzi, mwanamke mfupi, mkali, asiyependa mzaha. Nilimuuliza swali la Mjomba neno kwa neno. Hakushangaa. Alituuliza nani amewahi kumburuta mbuzi anayegoma. Sote tulikuwa tumewahi. Akikaza miguu yote minne, akasema, anafanya nini? Anateleza, unamvuta popote unapotaka. Akipiga hatua, kwato zikikamata ardhi moja baada ya nyingine, ndipo anapokushinda. Tairi nalo ni hivyo. Likizunguka linakamata ardhi. Likifunga linageuka kuwa mguu uliokazwa, linateleza, na usukani unakuwa pambo. Kidude kidogo kwenye ringi kinasoma mwendo wa tairi, kikihisi linataka kufunga kinalegeza breki kidogo sana, kisha kinabana, kinalegeza, kinabana, haraka kuliko mkono wa mtu yeyote. Kile kinachotetemeka kwenye vidole vyako ndicho hicho. Nilisikiliza nikiwa nimeuma meno. Dakika chache tu. Maelezo ya dakika chache, na mbuzi alikuwepo tangu mwanzo, yuko ndani ya kesi yenyewe, na sikumwona.

Siku ileile nilimpigia Mama mdogo simu nikamweleza yote, mpaka vocha ikakaribia kuisha. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa inaachia."

"Ndiyo. Ilikuwa inaachia."

"Nilijua. Nilikosa tu wa kunisahihishia."

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande ulioshinda. Lakini mchana wa siku hiyo mkufunzi alitupeleka kwenye mchanga. Alitupanga mmoja mmoja, akaweka kopo la rangi njiani, akatuambia tubane breki tukilifikia. Kwanza alizima ule mfumo. Tairi la mbele lilifunga, likajichimbia, likarundika mchanga mbele yake kama mtu anayesukuma kwa kifua, na pikipiki ikasimama karibu tu na kopo. Mimi nikaanguka ubavu, wenzangu wakanicheka. Kisha akauwasha. Nilibana breki mahali palepale, kwa mwendo uleule, vidole vikatetemeka, pikipiki ikabaki wima imenyooka, na ikanipitisha mbali na kopo, mbali sana, mpaka nikapiga kelele. Nilirudia nikidhani nimekosea. Ikawa vilevile. Mkufunzi alisubiri nimalize kubisha, ndipo akasema kwamba ndivyo ilivyo na kila mtengenezaji analijua: kwenye lami yenye maji breki ile inakuokoa, lakini kwenye mchanga uliolegea inachukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko breki ya kawaida. Yaani kwa breki aliyoitaka Mjomba, mbuzi wa siku ile labda asingeguswa; sisi ndio tungeanguka.